Gari Lina Kompyuta, Mimi Nina Mjomba

Ukitaka kujua ukoo wako una washauri wangapi wa ajira, tangaza kwamba unafikiria kubadilisha kazi. Mimi nilisema tu, tena kwa sauti ya chini, watu wakiwa wanakula ubwabwa, kwamba nimechoka kuandika programu za mikopo ya simu na ninatazama uwezekano wa kuhamia kwenye programu za magari. Zile zinazokaa ndani ya gari lenyewe, kwenye breki, kwenye usukani, kwenye injini. Shangazi akaacha kutafuna. Mama akauliza kama nimefukuzwa. Mjomba, ambaye hajaajiriwa na mtu yeyote tangu atoke JKT, akasema biashara hiyo anaijua na ina hela.

"Unabadilisha redio za Kijapani zinaongea Kiingereza," akawaeleza wenzake. "Pale Kariakoo wanatoza vizuri tu."

Simlaumu. Mjomba ana Toyota Noah, na kompyuta za gari lile amezifahamu kwa njia alizojaliwa. Redio yake inaanzia 76 na kuishia 90, kama Wajapani walivyopangiwa na serikali yao, kwa hiyo stesheni zetu nyingi anazisikilizia kwenye gari la jirani. Halafu kuna yule mama. Kila mjomba akiwasha gari, mama mmoja wa Kijapani anamtangazia jambo kwa adabu kubwa, na mjomba kila siku humjibu, "Haya mama, asante." Nilipomweleza kwamba hicho ni kidude cha kulipia barabara za kulipia kule Japani, na kwamba anachokisema mama wa watu ni kuwa kadi haijaingizwa, alinyong'onyea. Alikuwa amezoea kusalimiwa.

Lakini kidude kile ndicho kilichonitia ugonjwa. Yupo mtu Japani, pengine sasa amestaafu anamwagilia maua, aliyeandika maagizo yake. Gari likauzwa, likapanda meli, likashuka bandarini, likapita mikononi mwa watu ambao hawakuwahi hata kufungua kitabu cha maelekezo, na bado kila alfajiri kule Mbagala maagizo yale yanatekelezwa bila kukosea. Programu yangu ya mwisho mimi iliishi kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu.

Maana kazi ninayofanya sasa ina falsafa moja: toa kwanza, wateja watatuambia. Toleo jipya linatoka Ijumaa jioni kwa sababu bosi anapenda kuingia wikiendi akiwa na kitu cha kutangaza. Jumamosi mteja wa Kahama anakatwa marejesho mara mbili. Jumatatu tunamwomba radhi kwa ujumbe mfupi wenye makosa ya tahajia, tunarekebisha, na ikifika Ijumaa tunavunja kitu kingine. Hakuna anayekufa. Mtu anakasirika, anatupa nyota moja, kisha anakopa tena.

Breki haina Jumatatu. Nilipoanza kusoma habari za kazi hii nilikuta marundo ya makatazo. Upo mwongozo unaoitwa MISRA, uliotoka Uingereza mwaka 1998, unaomwambia mwandishi wa lugha ya C mambo ambayo mtu mwenye akili zake hatayafanya ndani ya gari. Kipande cha programu kisijiite chenyewe. Kila njia ya uamuzi iwe na mwisho wake, hata ile unayoamini haiwezi kutokea. Na programu isiombe kumbukumbu ya ziada ikiwa tayari inaendeshwa. Ijitengee yake mapema, iishi humohumo. Hili nililisoma mara mbili, mimi mtu wa mikopo: ni marufuku kukopa.

Juu ya hapo kuna kanuni za usalama za ISO 26262, za mwaka 2011, zinazopanga hatari kwa madaraja kuanzia A hadi D. Shuleni D tulifahamiana vizuri sana. Huku D ni ya wakubwa, usukani na breki na mfuko wa hewa unaotakiwa kufumuka kabla hujapepesa jicho, na ukipewa kazi ya daraja hilo kila mstari unaouandika lazima uonyeshe ulitokana na hitaji gani, nani aliukagua, ulipimwa kwa jaribio lipi na karatasi ya jaribio iko wapi. Baba yangu alikuwa karani wa masjala miaka yote ya utumishi wake. Nilikimbilia kompyuta ili nisije nikawa yeye, na sasa naona masjala inanisubiri mbele ya safari, tena yenye mafaili mengi zaidi. Halafu kitabu chenyewe cha ISO hakitolewi bure. Ni usalama wa kununua, kwa faranga za Uswisi.

Kinachonirudisha kila ninapotaka kukata tamaa ni jinsi kompyuta hizo zinavyozungumza. Gari la kisasa lina kompyuta ndogondogo kwa makumi, na yale ya kifahari yanaweza kuvuka 100. Zamani kila taa na kila swichi ilivutiwa waya wake, hadi fundo la nyaya likawa mzigo wa kubebwa na watu. Kampuni ya Bosch wakaanza kulihangaikia jambo hilo mwaka 1983, na mwaka 1986 wakatangaza mfumo wao wa CAN kule Detroit. Nyaya mbili zimesokotwa pamoja, wote wanasikia, yeyote anaweza kusema. Wawili wakianza kwa pamoja wanalinganisha namba zao za ujumbe, biti kwa biti. Mwenye namba ndogo anaendelea wala hatambui kama kulikuwa na mgongano, mwenye namba kubwa ananyamaza palepale na kusubiri. Hakuna kununa. Na ujumbe mmoja, kwa CAN ya asili, haubebi zaidi ya baiti 8.

Sasa chukua kikao cha ukoo wetu. Wote wanasema kwa pamoja kama kompyuta zile, ila hakuna anayenyamaza. Namba ndogo ni ya mjomba kwa sababu ya umri, na akishaishika zamu haiachii mpaka wali upoe. Baiti 8 hazimtoshi hata kidogo. Nilihesabu: "shikamoo" peke yake ni herufi 8 kamili. Ujumbe umejaa, na bado hujasema shida iliyokuleta.

Basi mjomba akaona ushauri wa maneno hautoshi, akaamua kunipeleka kwa mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe ni fundi wake wa Gerezani, na safari ilikuwa na faida mbili kwa sababu Noah ilikuwa inawasha taa ya chekinjini. Fundi alikuwa chini ya Alteza ya mtu, miguu tu nje. Alitoka, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa na grisi kuliko mikono, akachomeka kidude cha bluu kama kiberiti chini ya usukani, akafungua simu yenye kioo kilichopasuka. Ikaandika P0420. Hakusoma hata maelezo.

"Masega," akasema.

Kwa wasiojua, masega ni lile pipa la kwenye ekzosi lenye vitundu kama vya nyuki, linalosafisha moshi. Kuna sensa ya oksijeni kabla yake na nyingine baada yake. Ile ya mbele inapandapanda na kushuka mfululizo, ile ya nyuma inatakiwa itulie, kwa sababu masega yanafanya kazi katikati. Kompyuta ya injini inazitazama zote mbili kwa subira, safari hadi safari, na ikiona ya nyuma nayo inapandapanda kama ya mbele inaandika P0420 na kuwasha taa. Sheria za namna hiyo zilianzia California, na kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ikalazimishwa kuwa nazo. Watu walikaa vikao. Watu walipima moshi kwenye baridi, kwenye joto, kwenye milima.

Fundi akainama, akagonga pipa kwa spana. Likalia tupu. Masega ya mjomba hayakuwa yamechoka, hayakuwepo. Ndani yake kuna platinamu na paladi na rodi, madini yenye wanunuzi, na inaelekea kuna mtu aliwahi kuwa na shida ya hela ya haraka.

Nilimtazama mjomba. Mjomba alitazama msikiti.

Fundi akatoa mapendekezo. Masega mengine, bei yake ikamfanya mjomba akohoe. Kufuta ile P0420 kwa simu, taa inarudi baada ya siku kadhaa. Kumvalisha sensa wa nyuma kofia, ili akae mbali na moshi na aone mambo ni shwari. Au tepu nyeusi juu ya taa. Mjomba akachagua tepu, na fundi akaibandika kwa ustadi ambao lazima niukiri, pembe zote nne zimenyooka.

Hapo ndipo mjomba alipomtambulisha mpwa wake anayetaka kuwa mtu wa kompyuta za magari. Fundi akanipima kuanzia viatu hadi miwani.

"Kumbe nyinyi ndio mnaowasha hizi taa," akasema. "Basi kaka, tutakuwa tunafanya kazi pamoja. Mradi usije ukatuletea kitu kama D4."

Kwa heshima ya wenye injini za D4, ambazo mafundi wetu huzikimbia, sitaendelea na mazungumzo hayo.

Nilichoondoka nacho Gerezani ni kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ya Vitz iliyogongwa, kwa bei ya maelewano. Nilikuwa na kibao changu cha kujifunzia cha bei ya chini pamoja na chipu ya CAN, kwa sababu vifaa vya kitaalamu vinavyotumika na makampuni ya Ulaya vina leseni za bei ambayo naogopa hata kumtajia mke wangu. Nikaweka vitu hivyo juu ya meza ya chakula, nikaipa kontroboksi volti 12, nikaanza kusikiliza tu kwenye zile nyaya mbili bila kujibu chochote. Ilizinduka. Haikuona injini, haikuona sensa, haikuona mwenzake yeyote, lakini ikatoa taarifa yake ya kwanza ya kazi kama kawaida. Utaratibu wa CAN ni kwamba msemaji lazima aitikiwe na mtu mmoja angalau, biti moja tu ya kusema "nimesikia". Asipoitikiwa anarudia. Kwa hiyo ikarudia ujumbe uleule, kwa kasi kubwa, ukurasa mzima wa kioo changu ukajaa mstari mmoja, dakika baada ya dakika. Gari lake lilikuwa chuma chakavu. Nikabadilisha mpangilio ili kibao changu nacho kiitikie. Mara moja ikaacha kurudia, ikaendelea na taarifa zake nyingine.

Nilikaa pale nikitabasamu peke yangu hadi mke wangu akauliza watoto wanakula wapi.

Nikaona nimweleze yote kwa uaminifu, mema na mabaya, maana yeye ndiye bodi ya wakurugenzi. Nilianza na kidude nikipendacho, kinachoitwa mbwa mlinzi: ni saa iliyo kando ya programu, na programu lazima iirudishe mwanzo kila baada ya muda mfupi kuonyesha kwamba haijagandishwa na chochote, ikichelewa, saa inaizima na kuiwasha upya bila kuuliza sababu. Akasema angependa kununua kimoja kwa ajili yangu, kwa zile Jumamosi ninapoganda.

Kisha nikamweleza kesi za Toyota, magari yaliyodaiwa kwenda kasi yenyewe. NASA waliitwa kuchunguza, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa hawakukuta kosa la kielektroniki la kueleza mambo hayo. Lakini Oktoba 2013, huko Oklahoma, mtaalamu mmoja aliyeuchambua msimbo aliwaeleza wazee wa baraza kwamba alikuta vigeu vya jumla zaidi ya 10,000, yaani vitu ambavyo sehemu yoyote ya programu inaweza kuvigusa wakati wowote, na baraza likaamua dhidi ya kampuni. Hapo nilipata kikohozi kidogo. Programu yetu ya mikopo ina vigeu vya namna hiyo, idadi yake siijui, na hakuna aliyewahi kuitwa Oklahoma.

Halafu Volkswagen, 2015: magari milioni 11 duniani yenye programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye kipimo cha moshi, ikajifanya ina adabu mpaka wapimaji waondoke. Mhandisi wao mmoja alihukumiwa miezi 40 jela Marekani mwaka 2017.

Mke wangu alifikiri.

"Kwa hiyo," akasema, "ukikosea kwenye mikopo unapewa nyota moja. Huku unapewa miezi 40."

Nikamweleza kwamba yule hakukosea, alikusudia. Akasema tofauti hiyo nitaenda kumweleza hakimu.

Mjomba kwa upande wake haoni tatizo lolote. Ameshatangaza mtaani kwamba naenda Ujerumani, kwa Mercedes, na jirani mmoja amekwisha kuniletea namba ya taa ya nyuma ya upande wa kulia. Nimejaribu kumweleza mjomba kwamba nimeanza kuvaa viatu wakati wenyewe wanavua. Desemba 2024 Volkswagen walikubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza ajira zaidi ya 35,000 Ujerumani kufikia 2030. Septemba 2025 Bosch, haohao wa nyaya mbili, wakatangaza kupunguza nyingine 13,000 hivi. Na matangazo ya nafasi chache zilizobaki yanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka kadhaa wa AUTOSAR, mpangilio uliobuniwa na makampuni ya magari mwaka 2003, wenye kurasa kwa maelfu. Kurasa zenyewe ni bure, soma uzeeke. Ila uzoefu wake utaupata wapi kama hujaajiriwa na kampuni iliyonunua vifaa vyake? Na ili uajiriwe uwe na uzoefu. Juu ya yote uwe na Kijerumani, lugha ambayo hupeleka kitenzi mwisho wa sentensi huko, mtu anakusimulia habari ndefu na hujui kama amenunua gari au amelichoma.

"Wanapunguza wazembe," mjomba alisema. "Wewe utabaki."

Kwa bahati nzuri dunia siyo Stuttgart peke yake. Vijana wa Makerere walitembeza Kiira EV mwaka 2011, na leo kazi hiyo ni kampuni ya magari yenye kiwanda Jinja. Nairobi kuna mabasi ya umeme ya BasiGo yanabeba abiria, na Roam wanatengeneza pikipiki za umeme. Kigali kuna Ampersand, wenye vituo ambako dereva wa pikipiki hatoi betri kwenda kuichaji. Anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Na betri ya namna hiyo siyo sanduku la umeme tu. Ndani yake kuna kompyuta inayokagua volti za seli na joto lake muda wote, inayozuia seli moja isijazwe kupita wenzake, na inayokata umeme kabla mambo hayajawa moto. Fikiria sasa kilima cha Kigali, mvua inanyesha, dereva amepakia abiria mwenye gunia. Mtu fulani lazima awe amekaa chini akaandika nini kifanyike.

Nimeikuta kampuni moja ya huko kwenye mambo hayo ya betri inatafuta watu. Mshahara wake mjomba alipousikia aliuliza kama ni wa wiki. Mke wangu alisema Kigali ni karibu, basi linafika, na watu wake wanapenda usafi, huenda nikajifunza kitu. Shangazi alitaka tu kujua kama huko nako kuna mikopo ya simu.

Fomu niliijaza usiku, watoto wakiwa wamelala, kontroboksi ya Vitz ikiwa imehamishiwa juu ya friji. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi mahali pa wadhamini wawili wanaofahamu umakini wangu kazini. Bosi siwezi kumweka, atajua naondoka. Mjomba alijitolea kwa moyo mkunjufu, lakini fomu inakataza ndugu, na hata isingekataza kuna nafasi ya herufi 500 tu. Mmoja nimempata, mwalimu wangu wa chuo. Wa pili ni fundi wa Gerezani, kwa sababu ndiye mtu pekee nje ya familia aliyenisikiliza nikieleza sensa mbili za oksijeni hadi mwisho, hata kama alikuwa chini ya gari muda wote.

Amekubali. Anataka elfu thelathini, bei ileile ya kupima gari, na ameuliza kama hao watu wa Kigali wakipiga simu awaambie habari za ile tepu au wao wenyewe ni watu wazima wataelewa.